Kituo Nilichosimika Tambarare

Katika mji mmoja wa Uingereza ambao sijawahi kuuona, basi namba saba huondoka hospitalini saa moja na dakika kumi na mbili asubuhi. Hupita sokoni saa moja na dakika ishirini, hufika stesheni ya reli saa moja na dakika thelathini na moja, na treni ya kwenda mji mkuu huondoka dakika tisa baadaye. Jumapili basi la kwanza ni la saa tatu kasorobo. Nilikariri haya nikiwa na miaka kumi na saba, na mpaka leo, karibu miaka minane baadaye, hayajanitoka, ingawa yapo mambo ya maana zaidi niliyotamani yakae kichwani badala yake.

Kitabu chenyewe nilipewa na kijana wa Kizungu aliyekuja kusaidia kuweka mabomba ya maji parokiani. Mimi nilikuwa kibarua wa kuchimba mtaro. Siku alipokuwa akifunga mizigo ya kurudi kwao alichoma karatasi zake nyuma ya nyumba, nikakiona kwenye rundo: jalada la kijani, kurasa sitini na nne, na katikati ramani yenye mistari ya rangi. Nikamwomba.

"Hiki? Hiki ni kitabu cha mabasi ya kwetu tu. Tena cha zamani."

"Naomba hivyo hivyo."

"Soma Biblia, utapata Kiingereza kizuri zaidi."

"Biblia ninayo."

Alicheka, akakipangusa majivu, akanipa. "Lakini ujue, kitabu hiki kinasema uongo sana. Mimi nimewahi kusubiri mvuani dakika arobaini."

Dakika arobaini! Nilizichukua kama sifa. Sisi wa kijiji cha Kanoni tulikuwa na basi moja. Lililala Nkwenda, likapita kwetu asubuhi kwenda Kayanga, likavuka Kyaka na kufika Bukoba mchana. Kesho yake lilirudi. Hiyo ni kama lilikuwa na matairi, na kama dizeli ilipatikana, na kama dereva hakuwa na msiba. Tuliwahi kulisubiri wiki nzima, likaja limebeba mabati.

Sikuchaguliwa kwenda sekondari. Kila nilichokijua baada ya darasa la saba nilikiokota mwenyewe, na Kiingereza nilikiokota kwenye kamusi iliyokatika baada ya herufi T na kwenye kitabu hiki cha mabasi. Kwa hiyo Kiingereza changu kilikuwa cha mtu anayejua kusafiri tu. Nilijua "kila baada ya saa moja", nilijua "isipokuwa sikukuu", nilijua "huunganisha na treni". Sikujua kumwambia mtu pole.

Nilichokipenda zaidi yalikuwa maelezo ya chini, yale yenye herufi ndogo. Herufi a: basi hili halitembei Jumamosi shule zikiwa zimefungwa. Herufi c: hupitia nyumba ya wazee kila Jumatano. Wazee walipanda bure baada ya saa tatu na nusu asubuhi. Yule Mzungu aliniambia mji wao si mkubwa, una mto mmoja na kanisa moja kubwa, na mtu mwenye miguu mizuri huuvuka kwa saa moja. Lakini nikiangalia ramani niliona hakuna nyumba iliyokuwa mbali na mahali pa kupandia basi. Mtu alikuwa amekaa mezani akamfikiria mzee wa Jumatano. Nilikuwa najiuliza ni nani aliyewahi kukaa mezani akatufikiria sisi.

Na ukurasa wa tatu ulikuwa na sentensi niliyoipigia mstari: basi litasimama tu kwenye vituo vyenye alama.

Kwetu basi halikuwa na kituo. Lilisimama mteremkoni, mahali barabara inapoanza kushuka kuelekea bondeni, kwa sababu betri yake ilikuwa imekufa tangu sikumbuki lini. Injini ikizima tambarare, abiria wote walishuka kusukuma, na wakati mwingine walisukuma bure. Ikizima mteremkoni, dereva aliliachia tu likashuka lenyewe mpaka likawaka. Kwa hiyo watu walikaa kwenye majani ya ukingo na vikapu na mikungu yao, bila mstari, bila mpango. Basi likifika, utingo aliruka chini, akasukumia jiwe kubwa mbele ya gurudumu, akapaza sauti: "Mgonjwa yupo?" Kisha zikafuata kelele na viwiko. Mimi niliona kelele na viwiko tu. Swali la utingo nilikuwa nimelisikia mara mia, na sikuwahi kulifikiria kama utaratibu, kwa kuwa halikuwa limeandikwa popote.

Nilipofika miaka kumi na tisa mama yangu alianza kugonga vitu upande wa kushoto. Alimwaga uji, akajikwaa kwenye kizingiti alichokivuka maisha yake yote. Hospitali ya karibu ikasema ni presha ya macho, jicho la kushoto limekwisha, la kulia linaweza kuokolewa kama atapasuliwa mapema. Wakatuandikia barua ya kwenda Mwanza. Daktari wa macho angekuwa pale kwa siku chache tu, na mama alitakiwa kufika Jumatatu asubuhi.

Baba alikuwa ameshafariki. Dada zangu walikuwa wameolewa mbali. Safari ilikuwa yangu kuipanga, na nakiri kwamba, pamoja na hofu, nilifurahi. Hatimaye nilikuwa na safari yenye kuunganisha: basi mpaka Bukoba Jumamosi, meli jioni hiyo hiyo, Mwanza Jumapili asubuhi, kulala kwa jamaa, hospitali Jumatatu. Nikaiandika kwa safu, muda upande wa kushoto na mahali upande wa kulia, kama kurasa za kile kitabu. Nakala ya kwanza ilipata doa la wino nikaichana. Ya pili mstari ulipinda. Ya tatu niliiweka ndani ya Biblia ili isikunjike. Hata chini nikaweka herufi ndogo a: abiria ana jicho moja.

Kilichonisumbua ni mteremko. Akilini nilimwona mama akisukumwa, akianguka, jicho likigongwa na kona ya kikapu. Usingizi ulikatika. Ndipo nilipokata nguzo ya mti wa msharasi, nikachonga ubao, nikaupaka chokaa, nikaandika KITUO kwa masizi yaliyochanganywa na utomvu wa mgomba. Niliusimika tambarare, mbele ya ghala la ushirika, ambapo palikuwa pasafi na pana nafasi ya mstari. Balozi wa nyumba kumi alikuja kuangalia, akazunguka nguzo mara mbili.

"Hapa basi litasimama?"

"Ndiyo, shikamoo. Vituo vyenye alama ndivyo basi husimama."

"Marahaba. Nani amesema?"

Nikamwonyesha ukurasa wa tatu. Hakujua kusoma Kiingereza, akautazama kwa heshima, kisha akawaambia waliokuwa wamekusanyika: "Haya. Mwacheni kijana, anasoma sana huyu."

Alhamisi iliyotangulia safari, basi lilisimama kwenye nguzo yangu. Naapa lilisimama. Dereva alichungulia dirishani, akasoma ubao, akacheka mpaka akafuta macho, konda akanunua ndizi mbivu kwa mwanamke aliyekuwa anapita, injini ikinguruma muda wote. Lilikaa pale dakika mbili. Siku hiyo nilizunguka kwa majirani wote waliokuwa na safari Jumamosi, nikawaambia tutapanga mstari, wa kwanza atakuwa mama, na hakuna atakayemsukuma mwenzake. Walikubali. Si kwa sababu waliniamini. Walikubali kwa ajili ya mama.

Jumamosi mvua ilikuwa imenyesha tangu usiku na kukata alfajiri. Tulikuwa kumi na mmoja. Nilimweka mama mbele kabisa, nikamshika bega, nikawapa wengine namba kwa mdomo. Jirani yetu, mama mmoja mwenye mkungu mkubwa kichwani, hakuacha kunitania.

"Mkuu wa stesheni, na mkungu wangu una namba?"

"Mkungu uweke nyuma yako, mama."

"Basi mimi wa nne, mkungu wa tano. Hongera, mkungu wangu, leo umekuwa abiria!"

"Na ukilipa nauli wewe, mkungu nao utalipa?" akauliza mzee aliyekuwa nyuma.

"Mkungu utasafiri kama mtoto wa kunyonya, waitu," mama wa mkungu akamjibu, akimwita kwa heshima ya kwetu.

Watu walicheka, mimi nikakasirika. Nilitaka wanyamaze, nilitaka mstari unyooke. Mama aligeuza uso upande wangu, akasema polepole, kwa sauti ya chini ili wengine wasisikie: "Mwanangu, hapa ni tambarare."

"Mama, nimeshapanga."

Hakusema tena.

Tulilisikia kabla ya kuliona. Lilikuja likirusha matope, taa zimewashwa ingawa kulishapambazuka, injini ikikohoa kwa maji ya mvua. Nilinyoosha mkono. Dereva aliniona, hilo nina hakika nalo. Alitoa mkono dirishani, akatikisa kidole kama mtu anayemkataza mtoto, akatupita. Basi likaenda kusimama mteremkoni, hatua mia na kumi kutoka kwenye nguzo. Nimezihesabu hatua hizo mara nyingi tangu siku ile.

Pale mteremkoni walikuwapo wafanyabiashara watano wa maharage, wageni, ambao sikuwajua na hawakujua habari za mstari wangu. Baadaye niliambiwa kwamba utingo aliweka jiwe na kuuliza kama kawaida, "Mgonjwa yupo?" Wakatazamana, wakajibu, "Hayupo." Nao walisema kweli. Mgonjwa alikuwa na mimi.

Mstari ulivunjika, wote wakakimbia. Nilimvuta mama mkono. Alikuwa akinyanyua miguu juu mno, kama mtu anayepita kwenye miiba, kwa kuwa hakuona barabara inaishia wapi na dimbwi linaanzia wapi. Tulifika nusu ya njia. Nikafikiria kwamba nikikimbia peke yangu nitawahi kulizuia, nikauachia mkono wake. Kati ya yote niliyofanya asubuhi ile, hilo ndilo ninaloota.

Utingo alikuwa ameshaondoa jiwe. Nilifika basi likiwa limeanza kujongea, nikapiga ubavu wake kwa kiganja. Konda alikuwa ananing'inia mlangoni.

"Kuna mgonjwa! Simama, kuna mgonjwa!"

"Mgonjwa yuko wapi?"

"Yule kule, barabarani!"

"Sasa kule mlikuwa mnafanya nini? Kule nani husimama?"

"Kuna kituo!"

"Kituo cha nani?"

"Simameni, nawaomba!"

"Likizima huko chini mtasukuma ninyi mpaka Kayanga? Jumatatu, kijana! Jumatatu mlete hapa hapa!"

Injini ikashika kwa mshindo, moshi ukanijaa kinywani, basi likazama kwenye kona ya bondeni. Nilipogeuka mama alikuwa amesimama katikati ya barabara, pale pale nilipomwachia, mikono ameitanguliza mbele kidogo. Hakujua ageukie wapi. Yule mama wa mkungu ndiye aliyemfikia kwanza, akamkalisha ukingoni na kumpangusa matope kwa khanga yake. Hakuna aliyenilaumu. Laiti wangenitukana. Mzee aliyekuwa nyuma kwenye mstari alinipita akasema tu, "Pole, kijana, tumekosa." Alisema tumekosa, na yeye alikuwa amepoteza safari yake kwa ajili yangu.

Tulitembea mpaka Kayanga. Nilizunguka stendi na maduka yote nikiuliza magari. Mchana lori la kahawa likakubali kutubeba juu ya magunia. Kabla ya Kyaka lilizama kwenye tope, tukashinda pale mpaka giza likaingia, wanaume wakikata matawi na kuyasukumia chini ya magurudumu. Nami nilikata. Lilinasuka alfajiri. Tuliingia Bukoba Jumapili saa nne asubuhi, moja kwa moja bandarini, na gati lilikuwa tupu. Mlinzi akatuambia meli imeondoka jana jioni kama kawaida yake, nyingine ni Jumatano.

Nikatoa karatasi yangu kwenye Biblia. Sijui nilitaka mlinzi aone nini. Aliisoma yote kwa makini, akanirudishia.

"Umeandika vizuri," akasema. "Una mwandiko mzuri sana."

Siku zile tatu tulikaa kwa mtu wa ukoo aliyekuwa karani, mama akiwa kwenye mkeka kibarazani. Aliniuliza ziwa liko upande gani. Nilikuwa nadhani bado analiona. Nikamwambia, akageuza uso huko, akasema anaona weupe. Mimi nilikaa karibu naye nikirudia kimoyomoyo mabasi ya ule mji, namba moja mpaka namba ishirini na mbili, na kila nilipokosea dakika nilianza upya. Nilikuwa mtu mzima wa miaka kumi na tisa, mama yangu anapoteza mwanga pembeni yangu, na kitu pekee nilichoweza kukifanya sawasawa kilikuwa hicho.

Mwanza tulifika Alhamisi asubuhi. Muuguzi wa dirishani alimwamkia mama vizuri, akaisoma barua, akanitazama mimi.

"Barua yenu ni ya Jumatatu, kaka. Leo Alhamisi. Daktari amekuwa hapa siku tatu, ameondoka jana jioni."

"Amekwenda wapi?"

"Amerudi kwao."

"Anakuja tena lini?"

"Wakituambia, tutawaandikia. Mama, pole. Nakupa dawa ya matone, usikose hata siku moja."

Nilianza kumweleza habari za basi, mvua, betri, lori. Nyuma yetu kulikuwa na watu wengi. Alinisikiliza kwa muda mrefu kuliko nilivyostahili, kisha akasema, "Kaka, nakuelewa. Lakini mimi nifanyeje?" Nami ningefanyeje? Nikachukua matone.

Barua nyingine ilikuja baada ya miezi mitano. Safari hiyo sikuipanga mimi. Shemeji yangu alitupeleka, tukafika siku mbili kabla ya siku yenyewe. Daktari alimwangalia mama kwa taa yake ndogo kwa muda mrefu. Kisha akaniita pembeni, akaniambia hakuna kilichobaki cha kupasua.

Nikamuuliza ingekuwaje kama tungefika ile Jumatatu.

"Siwezi kukuambia," akasema. "Labda. Au labda hata siku ile lilikuwa limeshakwisha. Ugonjwa huu hauna tarehe."

Nikauliza tena kwa maneno mengine. Akajibu vilevile. Mpaka sasa nina barua tatu nilizoandika kumuuliza mara ya tatu, na sijatuma hata moja, kwa sababu kila nikizisoma naona kosa.

Nguzo yangu haikukaa muda mrefu. Jirani mmoja aliing'oa akaegemezea mgomba uliokuwa unataka kuanguka, na kwa msimu mzima mtu akipita karibu na kibanja chake aliona neno KITUO limesimama katikati ya migomba. Watu walilisoma kwa sauti na kucheka. Haikuwa kwa ubaya.

Nilikaa na mama miaka minne bila kumuuliza habari za asubuhi ile. Nilimtekea maji, nilimpikia, nilimfungia kamba kutoka mlangoni mpaka chooni aishike akienda. Nilifanya kila kitu kwa ukamilifu wa kuchosha. Mara nyingi aliniambia nitoke nje nikatembee. Mwaka jana, tukimenya maharage, nilimuuliza kama anakumbuka kwamba alinionya pale ni tambarare.

"Nakumbuka."

"Kwa nini hukusema mara ya pili?"

Alimaliza ganda alilolishika, akadondosha punje kwenye ungo, akalipapasa lingine.

"Watu walikuwa wengi," akasema. "Na wewe ulikuwa umeshapandisha mabega, unatetemeka. Ningesema tena ungelia mbele yao. Nikafikiri, labda litasimama."

Hilo sikuwa nimelifikiria. Miaka yote nilidhani kosa langu lilikuwa la hesabu: mahali, mvua, betri. Kumbe mama alisimama pale akajua, akalinganisha jicho lake na aibu yangu, akanyamaza. Nilitoka nje nikakaa nyuma ya nyumba. Aliniita mara mbili nirudi kumalizia maharage, nikarudi.

Siku hizi barabara yetu ina magari zaidi. Yapo mabasi madogo kutoka Kayanga, mtu hahitaji mteremko. Tangu mwezi uliopita mama ananiomba nimpeleke Muleba kwa dada yake, ambaye amezeeka na hawezi tena kusafiri. Anasema anataka kumsikia tu. Si mbali. Ni kubadilisha gari mara mbili. Mara ya kwanza nilimwambia tusubiri mvua ziishe. Mara ya pili nikasema nina kazi. Jana alinielekezea uso, akauliza tena, kwa upole, kama mtu anayeuliza habari za mtu mwingine.

"Nitaangalia, mama," nikamwambia.

"Haya," akasema.

Leo ameshafunga nguo zake kwenye kitambaa, ameziweka juu ya kitanda.